Casio CZ-101: je, kinanda hiki kidogo kinaweza kubeba sauti za kwetu?

Swali, kutoka Kihesa, Iringa

Kamwene, ndugu zangu wapenzi wa muziki.

Naomba ushauri kuhusu kinanda ambacho karibu kila ninayemwonyesha huniambia nikiuze, tena upesi, kabla hakijakosa mnunuzi kabisa. Ni Casio CZ-101. Baba mdogo alikinunua kwa mtu Dar es Salaam, akakitumia miaka michache na vijana wenzake, kisha kikafungwa katika kitenge na kuwekwa juu ya kabati, ambako kilikaa mpaka mwezi uliopita shangazi aliponikabidhi. Kina vibonyezo 49 vilivyo vyembamba kuliko vya vinanda vya kawaida, kioo kidogo chenye mistari miwili ya maandishi, na vitufe vyenye herufi ambazo sikuzielewa: DCO, DCW, DCA. Hakina spika ndani yake wala midundo iliyokwisha kutengenezwa. Mwenzangu anayepiga kinanda kanisani alikigusa kwa dakika mbili, akatafuta mdundo wa rumba akaukosa, akabonyeza kibonyezo kimoja kwa nguvu na kisha taratibu akasikia sauti ileile, akahitimisha kwamba hiki ni chombo cha kuchezea watoto.

Nami ningekubaliana naye, lau si jambo lililotokea Jumamosi moja. Umeme ulikatika saa moja jioni, nikakumbuka kwamba nyuma ya kinanda hiki kuna nafasi ya betri sita kubwa, zile za redio na tochi. Nikanunua betri dukani, nikavaa hedifoni, nikakaa gizani nikichagua sauti moja baada ya nyingine. Katika sauti iliyofanana na filimbi nilibadilisha namba moja kwenye sehemu ya DCW bila kujua ninachofanya, na sauti ikageuka kabisa: ikaanza kwa mkwaruzo mkavu, ikalainika, kisha ikafifia kama uzi uliovutwa kwa kidole na kuachiwa. Nilishtuka, kwa sababu sauti ya namna hiyo niliisikia utotoni kwa babu, huko Kalenga, aliyekuwa akipiga ligombo. Kwa wasioifahamu, ligombo ni ala ya nyuzi ya Wahehe, ubao uliochimbwa mithili ya chano chembamba na kupitishiwa nyuzi kutoka ncha hata ncha, na mpigaji huimba juu ya mlio wake, ambao ni mfupi na mkavu na haufanani na wa gitaa.

Sikuiandika namba ile, na nilipozima kinanda sauti ikapotea. Tangu siku hiyo naitafuta bila mafanikio.

Ningependa kujua, kwanza, kinanda hiki hutengenezaje sauti, ili niache kubahatisha. Pili, je, inawezekana kwa makusudi kukifikisha kwenye mlio wa ligombo, na pengine kwenye ule wa ilimba ya jirani zetu Wagogo, wenye mvumo kama wa nyuki ndani yake? Sisi ni kikundi cha watu watano, tuna ngoma mbili, gitaa na waimbaji, na nisingependa kuwapotezea wenzangu muda kwa ajili ya kumbukumbu za utoto wangu. Aidha, adapta niliyonunua sokoni imeandikwa volti 9, lakini kinanda hakiwaki ninapoichomeka, ilhali kwa betri kinawaka vizuri. Wenye ujuzi naomba mnisaidie.

Jibu, kutoka kwa fundi wa vyombo vya muziki, Mwanjelwa, Mbeya

Mdogo wangu, nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibia chombo: usiichomeke tena adapta hiyo. CZ-101 huhitaji volti 9 za umeme mnyoofu, na adapta yake ya asili hutoa miliampea 850, lakini pini yake ya katikati ni hasi na duara la nje ni chanya, kinyume cha adapta nyingi zinazouzwa sokoni siku hizi. Tazama mchoro mdogo ulio karibu na tundu la umeme, kisha ulinganishe na mchoro ulio kwenye adapta. Ikiwa havifanani, mpelekee fundi akugeuzie nyaya, na umwombe apime kwa mita mbele yako kabla hujaondoka. Betri zako sita za volti moja na nusu ndizo hizo hizo volti 9, ndiyo maana kwa betri kinawaka.

Sasa nije kwenye sauti, ambako nina mengi ya kusema, kwa kuwa chombo hiki nimekipenda tangu nilipokifungua mara ya kwanza mezani kwangu.

Ndani ya CZ-101 mna namba zinazochora wimbi la kosaini, yaani wimbi lililo laini kuliko yote, linalosikika kama mtu anayepuliza chupa. Kinanda husoma namba hizo kuanzia mwanzo wa wimbi hadi mwisho wake, kisha hurudia, mara mamia kwa sekunde kulingana na kibonyezo ulichobonyeza. Kikizisoma kwa mwendo ulio sawa, unasikia wimbi laini. Lakini unaweza kukiamuru kipite nusu ya kwanza ya wimbi kwa haraka na nusu ya pili kwa kujikokota, mradi jumla ya muda ibaki ileile. Noti haibadiliki, ila umbo la wimbi hupinda, na kadiri linavyopinda ndivyo sauti inavyozidi kuwa kali na yenye kungʼaa. DCW ndiyo inayoamua upinde huo. Ikiwa sifuri, una filimbi; ukiipandisha, una msumeno, au mraba, au umbo lolote kati ya manane yaliyomo. DCO hushughulikia kupanda na kushuka kwa noti, na DCA hushughulikia ukubwa wa sauti. Njia hii, ambayo uvumbuzi wake huhusishwa na mhandisi Mark Fukuda wa Casio, ndiyo iliyowawezesha kuuza kinanda cha kidijitali kwa dola 499 huko Marekani, wakati Yamaha DX7 iliyotoka mwaka 1983, ikitumia mbinu ya John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, iliuzwa dola 1,995.

Kwa nini basi kilidharauliwa? Kilitoka mwishoni mwa mwaka 1984 kikiwa na jina ambalo watu walilizoea kwenye saa na mashine za kukokotolea hesabu. Vibonyezo vyake ni vidogo, na mtu alipokiona dukani alihukumu kwa macho. Miaka michache baadaye zikaja Roland D-50 mwaka 1987 na Korg M1 mwaka 1988, zilizotumia vipande vya sauti za ala halisi zilizorekodiwa, na wapigaji wakaacha kutengeneza sauti wakaanza kuzichagua. CZ-101 haina hata kipande kimoja cha sauti iliyorekodiwa, kwa hiyo ukitaka piano ya kweli, hapa huipati.

Lakini sikiliza jambo ambalo wengi hawakulifikia. Katika sintesaiza nyingi za wakati ule, yaani vinanda vinavyotengeneza sauti kwa umeme, safari ya sauti tangu unapobonyeza hadi inapokwisha, yaani envelopu, ilikuwa na hatua nne tu: kupanda, kushuka, kudumu na kufa. Katika CZ-101 kila envelopu ina hatua nane, na kila hatua ina namba mbili, kasi na kiwango, kuanzia 0 hadi 99. Envelopu hizo ni tatu kwa kila laini ya sauti, yaani sehemu moja inayotengeneza wimbi lake, na laini ni mbili. Kwa hiyo sauti moja inaweza kuwa na hatua 48 za kupitia kabla haijanyamaza! Na wewe ndiye unayechagua hatua ya kusimama, wakati kidole kikiwa bado kimebonyeza, au usichague yoyote, sauti ikajiendea yenyewe hadi mwisho kama uzi unavyofanya baada ya kuachiwa.

Hapo ndipo ligombo lilipo. Uzi uliovutwa huanza ukiwa mkali kwa sababu ya kidole au kucha, ukali hupungua haraka kuliko sauti yenyewe, na mwanzoni kabisa noti huwa juu kidogo kwa kuwa uzi umenyooshwa, kisha hutulia. Ni mambo matatu yanayokwenda kwa kasi tatu tofauti, nawe una envelopu tatu. Anza hivi: chagua laini ya kwanza peke yake na umbo la msumeno. Kwenye DCA weka hatua ya kwanza kasi 99 na kiwango 99, ya pili kasi 62 na kiwango 60, ya tatu kasi 45 na kiwango 0, na hiyo ya tatu uifanye mwisho. Kwenye DCW weka ya kwanza kasi 99 na kiwango 75, ya pili kasi 70 na kiwango 25, ya tatu kasi 50 na kiwango 0. Kwenye DCO anza na kiwango 8 kwa kasi 99, kisha ishuke hadi 0 kwa kasi 70. Usiweke hatua ya kusimama popote. Namba hizi ni za kuanzia tu. Sikio lako lililomsikia babu ndilo litakalokuelekeza.

Mvumo wa ilimba ni habari nyingine. Katika ala yenyewe mvumo hutoka kwenye utando wa buibui uliobandikwa juu ya tundu la sanduku, hivyo kila chuma kinapolia, utando nao hutetemeka. Kwa hiyo unahitaji sauti mbili zinazoanza pamoja: laini ya kwanza iwe chuma, fupi na safi, na laini ya pili iwe utando. Kwa laini ya pili chukua mojawapo ya yale maumbo matatu ya resonansi, uipunguzie sauti kwenye DCA, na uiachanishe kidogo kwa noti na ya kwanza, kama namba 5 au 6 kwenye sehemu ndogo kabisa ya kuachanisha. Ukiwasha moduli ya ringi, inayozidisha laini moja kwa nyingine, utapata milio ya kengele na njuga. Ile ya kelele nayo huweza kukupa kayamba. Jaribu moja moja.

Ukipata unachokipenda, zima kinga ya kumbukumbu, bonyeza WRITE, na uihifadhi kabla hujafanya jambo jingine lolote.

Jibu, kutoka Makambako

Ndugu yangu wa Kihesa, naheshimu maelezo ya fundi, na sina shaka kwamba anakifahamu chombo hicho. Hata hivyo mimi hupiga kwenye harusi na sherehe za kuagana kati ya Njombe na Mafinga, na ningependa uone upande wa mtu anayeishi kwa kazi hiyo.

Mteja hatakuuliza hatua za envelopu. Anataka shughuli ichangamke, na mara nyingi anayelipwa ni mtu mmoja mwenye kinanda chenye midundo, kwa sababu bendi nzima ni ghali. CZ-101 haihisi nguvu ya kidole, jambo ambalo mwenzako aliligundua kwa dakika mbili tu. Hutoa sauti kwa njia moja, si kushoto na kulia. Ukitumia laini zote mbili hupiga noti nne tu kwa pamoja. Ukitumia moja, nane. Kwa mkono wa mtu mzima vibonyezo vyake vinachosha. Isitoshe, Casio wenyewe walitoa programu ya iPad inayotengeneza sauti kwa mbinu hiyohiyo, kwa hiyo anayeitaka sauti anaweza kuipata bila kubeba chombo chenye umri wa miaka 40.

Ushauri wangu ni kwamba usikiuze, kwa sababu ni cha familia, lakini mtafute pesa za kinanda cha kawaida cha vibonyezo 61, na hicho kiwe cha nyumbani.

Jibu, kutoka kwa mwalimu wa kwaya, Tukuyu

Amani iwe nanyi. Nimesoma kwa makini, na ningependa kuongeza mambo ambayo nimeyajua kwa kukitumia chombo hiki mbele ya watu.

Ndugu wa Makambako amesema kweli kuhusu mapungufu yote aliyoyataja, isipokuwa sikubaliani naye kuhusu midundo. Nenda Jumapili yoyote kutoka hapa Rungwe hadi Njombe, usikilize kwaya tatu za madhehebu matatu, nawe utasikia mpigo uleule wa ngoma, ukiingia mahali palepale kabla ya kiitikio, kwa sababu umetengenezwa kiwandani na kitufe chake ni kilekile. Waimbaji wetu wana midundo yao, wanaipiga kwa makofi na kwa miguu tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao, lakini mashine ikishaanza wanaiacha na kuifuata mashine. Chombo kisicho na midundo huwalazimu wapiga ngoma wapige ngoma. Kikundi cha huyu kijana kina ngoma mbili. Hizo ndizo midundo yake, na kinanda kikae katikati kama sauti ya nyuzi, si kama mkuu wa msafara.

Kuhusu nguvu ya kidole, sisi tulifanya hivi. Sauti moja tuliihifadhi mara mbili, katika nafasi mbili zinazopakana. Ya kwanza ilikuwa na DCW ya chini na sauti ndogo, kwa ajili ya beti zinazoimbwa na solo. Ya pili ilikuwa na DCW ya juu, yenye kungʼaa, kwa ajili ya kiitikio ambapo wote huingia. Mpigaji anabonyeza kitufe kimoja wakati kwaya inavuta pumzi. Nilimfundisha binti wa kidato cha pili kufanya hivyo, na vibonyezo vinavyomchosha mtu mzima vilimfaa sana yeye, kwa kuwa vidole vyake ni vifupi na oktavu nzima aliifikia bila kujinyoosha.

Lipo jambo jingine ambalo fundi hakulitaja. Ukiunganisha CZ-101 na kompyuta kwa waya wa MIDI, unaopitisha amri za noti kati ya vyombo, kinaweza kupokea kwenye mikondo minne, kila mkondo ukiwa na sauti yake, japo kila mmoja utapiga noti moja moja tu. Kwaya ina sauti nne. Nilikuwa nikiandika soprano, alto, teno na besi kwenye kompyuta, kila moja kwa mlio wake, kisha naizima soprano ili waimbaji wa soprano waimbe wenyewe juu ya zile tatu. Wiki inayofuata nazima besi. Kwa wale wasiosoma nota, zoezi hili lilinisaidia kuliko ubao na chaki.

Sasa onyo, na naomba ulizingatie. Kumbukumbu yako ya sauti 16 ulizojitengenezea hutunzwa na zile betri kubwa. Zikifa, au ukizitoa bila adapta kuwa imechomekwa, sauti zote 16 hufutika. Zinazobaki ni zile 16 za kiwandani peke yake. Nilizipoteza mara moja, siku mbili kabla ya Pasaka, kwa sababu nilibadilisha betri kwa mkono mwepesi bila kuwaza. Tangu hapo nina daftari la hesabu, lile la vyumba vya mraba, ambalo kila sauti ina ukurasa wake: safu sita za envelopu zimekwenda chini, hatua nane zimekwenda kulia, na katika kila chumba nimeandika kasi juu na kiwango chini kwa penseli. Juu ya ukurasa ni jina la sauti, umbo la wimbi, na namba za kuachanisha. Ukurasa mmoja hujaa kwa dakika kumi. Wenye kompyuta wanaweza kuzihifadhi kwa njia ya MIDI pia, nami hufanya hivyo, lakini daftari halihitaji umeme.

Na kwa hali ya hewa ya kwetu, ambapo mvua haiishi na ukuta hutoa maji, usiziache betri humo miezi mingi bila kuzitazama. Zikivuja, ute wake hula mabati yanayoshika betri, nawe utarudi kwa fundi ukiwa na tatizo kubwa kuliko la adapta. Mimi hufungua kifuniko kila mwanzo wa mwezi, huku adapta ikiwa imechomekwa.

Muuliza swali, Kihesa, baada ya siku tisa

Nawashukuru nyote. Fundi, adapta ilikuwa kama ulivyosema: katikati chanya. Imegeuzwa, imepimwa kwa mita mbele yangu, na kinanda sasa kinawaka kwa umeme bila tatizo.

Niliingiza namba za ligombo usiku uleule nilipozisoma. Mlio ulikaribia, lakini kuna kitu kilikataa, nami sikujua ni nini mpaka nilipompigia mama mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa karibu na babu wakati akipiga. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akaniomba nirudie noti moja mara tatu, kisha akasema, “Kamba yako imelegea. Ya baba ilikuwa imekazwa.” Nilifikiri anazungumzia noti, nikaipandisha, akatikisa kichwa. Baadaye nikaelewa kwamba alisikia ule mwanzo wa DCO, ambapo noti huanza juu na kushuka. Kwa kiwango 8 ilishuka mno, kama uzi mlegevu unavyofanya. Nilipunguza hadi 3 na kuiharakisha kasi kutoka 70 hadi 88. Nilipobonyeza tena hakusema lolote, alianza tu kuimba.

Nimeandika ukurasa wake kwenye daftari la mraba, mwalimu, kwa penseli.

Mazoezi ya Alhamisi tuliyafanya na ngoma mbili, gitaa na CZ-101 kupitia amplifaya ya gitaa. Sauti ya njia moja haikutusumbua, kwa kuwa amplifaya yenyewe ni moja. Kaka wa Makambako, uko sahihi kwamba hatuwezi kwenda nacho kwenye harusi peke yake, na hatujaacha kuweka akiba kwa ajili ya kinanda cha vibonyezo 61. Lakini wimbo tuliokuwa tumeukwamia tangu Januari umekamilika, kwa sababu mpiga gitaa alipousikia mlio ule alipunguza nyuzi zake na kuanza kujibizana nao badala ya kuufunika.

Tatizo limebaki moja. Noti za chini na za kati ni nzuri, lakini nikipanda oktavu ya juu kabisa mlio unakuwa mkali na kuchoma masikio, hata mwimbaji wetu wa kike ameniomba nisiiguse. Nikipunguza DCW, noti za chini nazo zinakuwa butu. Je, kuna njia ya kuzitenganisha?

Fundi, Mwanjelwa

Ipo, na umekaribia kuigusa. Kwenye DCW, mbali na envelopu, kuna sehemu inayoitwa KEY FOLLOW, yenye namba kuanzia 0 hadi 9. Bila shaka yako iko sifuri, kwa hiyo upinde wa wimbi ni uleule kwa kila kibonyezo. Ukiipandisha, kinanda hupunguza upinde kadiri noti zinavyopanda, wala hakigusi za chini. Anza na 4, piga noti ya chini kabisa na ya juu kabisa kwa kupokezana, kisha uongeze moja moja hadi mwimbaji wenu aache kukunja uso. Kwa sauti za nyuzi mimi huishia 5 au 6.

Ukisharidhika, mwite tena mama mkubwa kabla hujabonyeza WRITE. Na uzi huo wa DCO ulioshuka hadi 3, mimi nimeujaribu hapa dukani kwenye CZ-101 ya mteja, nikamwachia ausikilize mwenyewe. Amesema hakiuzi tena.

Muuliza swali, Kihesa

Imekubali kwenye 6. Oktavu ya juu sasa inasikika kama uzi mfupi badala ya bati. Kesho naanza ukurasa wa pili wa daftari, ule wa ilimba, na nikikwama kwenye utando wa buibui nitarudi hapahapa.